Mama Mkwe wa Rais

Mutunga alikuwa rais. Msishtuke, hakuwa rais wa nchi wala wa chama cha siasa. Alikuwa rais wa Klabu ya Hisani ya Kisiwani, watu ishirini na kitu ambao kila Alhamisi hukutana Kizingo, wakala chakula cha mchana na kupanga namna ya kuwasaidia wasiojiweza. Siku zilizobaki alikuwa karani wa hesabu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na huko hakuna aliyemwita rais. Huko aliitwa "wewe".

Klabu haikuwa na ofisi. Tangu ilipoanzishwa, mali yake hulala kwa rais aliye madarakani, na ndivyo viti vinane vya magurudumu, zawadi ya marafiki wa ng'ambo, vilivyoishia sebuleni kwa Mutunga, katika nyumba ya chini aliyopanga Kibokoni, Mji wa Kale. Vilikuwa vimekunjwa na kufungwa nailoni, kila kimoja kimebandikwa jina la atakayekabidhiwa. Makochi yalitolewa ili viingie. Meza nayo ikatolewa. Kilichobaki ni kijia cha kupita mtu mmoja kutoka chumbani hadi msalani.

Kijia hicho ndicho alichokipitia kila asubuhi Bi Syombua, mama yake Wanza, mkewe Mutunga. Alikipitia kwa makalio, ameketi juu ya kipande cha mkeka, akijisukuma kwa mikono huku miguu ikimfuata nyuma. Alikuwa ameletwa kutoka Mwingi miguu ikiwa imekufa ganzi. Daktari alisema uti wa mgongo ndio uliougua. Dawa zingefanya kazi yake, lakini miguu lazima ifanyishwe mazoezi hospitalini kila wiki. Wiki zikirukwa ingekakamaa hivyo hivyo, na mama asingesimama tena.

Sasa, kwa Wakamba, mwanamume na mama wa mkewe huheshimiana kwa mbali. Hawapeani mkono, hawaketi kiti kimoja, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Kulala chini ya paa moja tu kulikuwa aibu ambayo wote wawili waliimeza kwa sababu ya ugonjwa. Kwa hiyo kila asubuhi, mlango wa chumbani ulipolia, Mutunga alitoka nje na kuketi barazani na gazeti hadi Wanza amwambie tayari. Mara nyingi gazeti lilikuwa la wiki iliyopita.

"Kimoja tu," Wanza alisema asubuhi ile, akiwa amesimama mlangoni na beseni la maji machafu. "Nakuomba kimoja tu, cha kumpeleka hospitali na kurudi. Nitakifuta nikirudisha mahali pake."

"Si vyetu."

"Viko kwetu."

"Viko kwetu, lakini si vyetu. Wanza, tumeshayazungumza haya."

"Wewe ndiwe uliyeyazungumza. Mimi nilikuwa nimembeba mama." Alimwaga maji mferejini. Alikuwa akitembea ameshika kiuno siku hizi, kama mwanamke aliye karibu kujifungua. Tuktuk haiwezi kuingia kwenye kichochoro chao, hivyo kila siku ya kliniki alimbeba mama yake mgongoni mpaka barabarani, na Bi Mejumaa wa ghorofani akiwafuata nyuma kumshikilia mama miguu. "Wiki iliyopita hatukwenda. Unajua kwa nini hatukwenda?"

Mutunga alijua. Alikunja gazeti.

"Mgongo ulikataa," Wanza alisema. "Niliinama, nikashindwa kuinuka. Mama ndiye aliyenisaidia mimi."

Kununua kiti kingine hakukuwa na mjadala. Hospitali ilikuwa imekula akiba, mshahara ulikuja vipande vipande, na kile kidogo kilichosalia Mutunga alikuwa amekishonea suti ya urais.

Kutoka ndani sauti ya mama ilisikika. "Wanza! Mwambie mumeo atachelewa kazini." Hakuwahi kusema naye moja kwa moja. Hata maji ya kunywa alipoyataka, na Mutunga ndiye aliye karibu na mtungi, alimwambia Wanza amwambie.

*

Alhamisi Mutunga alivaa mkufu wa urais, akapiga kengele, watu wakaketi. Wali ulikuwa wa nazi, samaki wa kupaka, na kwa wasiokula samaki, kuku. Baada ya kula ulifika wakati wa faini, jambo ambalo wanaklabu walilipenda kuliko miradi yote. Bwana Jeremy, wakala wa bima, ndiye mwenye kazi ya nidhamu, na kila wiki hutafuta visa vya kuwatoza wenzake: huyu kafika kachelewa, yule tai yake inaumiza macho. Kinachokusanywa huenda kwa maskini. Watu wanacheka, wanatoa, na wanarudi makazini wakiwa wamefurahi.

Katibu, Bwana Gharib, alisimama kutoa taarifa. Alikuwa mtu wa Mji wa Kale hasa, mwenye duka la vipuri vya magari, mpole wa maneno. "Mgeni wetu rasmi, mwakilishi wa marafiki waliotuletea viti, amesogeza safari tena. Anasikitika. Hafla itakuwa mwezi ujao, inshallah."

Manung'uniko yalikuwa madogo. Mutunga alikohoa. "Je, hatuwezi kuvitoa tu? Wenyewe wanavingoja. Mgeni akija ataonyeshwa picha."

"Rais, tuliwaahidi watakuwapo," Gharib alisema. "Watu wakitoa kitu chao wanataka kukiona kikifika. Hilo si kosa." Wengi walitikisa vichwa kukubali, na mazungumzo yakahamia kwenye rangi ya mashati ya hafla.

Walipotoka, Mutunga alimvizia Gharib kwenye kivuli cha ukuta, karibu na gari lake. Alikuwa ameyapanga maneno tangu juzi, na yote yakamkimbia.

"Bwana Gharib. Kuna jambo la nyumbani kwangu."

"Mama mkwe. Nimesikia. Hajambo kidogo?"

"Hajambo. Yaani, hajambo kwa vile alivyo." Alipangusa jasho. "Nilikuwa nauliza kama kiti kimoja, hata kwa kuazima..."

Gharib, tumtendee haki, hakufurahia alichokuwa anakwenda kusema. "Ndugu yangu, wakumbuka lile tangi la maji la msaada? Lilipokwenda kwa dada yangu? Wewe ndiwe uliyesimama ukasema mwanachama na jamaa zake wasiguse msaada wa klabu. Ukasema kwa sauti. Tukapiga kura, ikawa kanuni. Na mwaka uliofuata wakakuchagua rais kwa ajili ya maneno yale."

"Nakumbuka."

"Sikulaumu. Ulisema kweli. Lakini miye nilikwenda kwa dada yangu nikalitoa tangi lile darini kwake, majirani wanatazama." Alifungua mlango wa gari. "Ungekuwa si mwanachama, mama angeandikwa kesho. Lakini nani atakwambia ujitoe? Si miye."

Mutunga alirudi kazini kwa miguu, koti la suti begani. Njia nzima alijiuliza kama angeweza kujitoa, na njia nzima jibu lilikuwa lile lile. Katika mji huu wote palikuwa na chumba kimoja tu ambamo watu walisimama alipoingia, tena kwa saa moja kwa wiki. Alijionea haya kwa kulipenda jambo hilo, na aliendelea kulipenda.

*

Siku ya kliniki iliyofuata, Mutunga alipokwenda kazini, Wanza alichukua kisu cha jikoni akakata nailoni ya kiti kilichokuwa karibu na mlango. Hakuchagua. Kilikuwa na jina la Charo, mtu asiyemjua.

"Mwambie mumeo..." mama yake alianza.

"Hayupo, mama. Hakuna wa kumwambia."

Bi Mejumaa aliteremka na kanga yake kichwani, akakizunguka kiti kile kwa macho. "Haya! Na hili dude mlikuwa nalo humu siku zote, nami nashika miguu ya mamako kichochoroni kama nabeba jeneza? Wallahi nyinyi watu mwanshangaza. Nyanyua huko, nami huku. Mama, kaza moyo."

Waliteremsha vidato viwili vya mlango, na mara Bi Syombua akawa nje, ameketi wima, mikono juu ya mapaja. Tangu aletwe Mombasa hakuwa ameuona mtaa ila kwa ubavu, shavu likiwa begani kwa bintiye. Sasa aliiona milango ya nakshi, paka, kijana wa kahawa akigonganisha vikombe. Watu walimwamkia. "Shikamoo mama!" "Waonaje hali?" Naye akaitikia mmoja mmoja, marahaba, njema, kama mtu anayejibu salamu zilizokuwa zimelimbikizana.

"Polepole," alimwambia Wanza. "Usinikimbize. Kwani nimeiba?"

Wanza alicheka. Alikuwa amesahau namna anavyocheka na mama yake.

Kule hospitalini mama alisimama akishika vyuma. Alisimama muda wa mtu kusema jina lake na la baba yake, kisha akaketi. Mwenye kuwafanyisha mazoezi alisema tena wiki ijayo, asikose.

Mkosi ulikuwa njiani wakirudi. Walikutana na Terry, mwanachama mpya wa klabu, binti wa benki mwenye moyo mweupe, aliyekuwa amekuja kununua viungo. Alikiona kiti, akaliona tabasamu la mama, akampiga picha. Kabla hawajafika nyumbani picha ilikuwa imeingia katika kundi la simu la klabu, na maneno chini yake: "Hongera Rais wetu! Viti vimeanza kufika kwa wenyewe!" Hakuwa na nia mbaya. Hakujua yule ni mama mkwe wa nani.

*

Gharib alikuja mwenyewe jioni, na Bwana Jeremy. Kwa kuwa makochi hayakuwapo, waliketi juu ya ndoo zilizopinduliwa. Wanza aliwapa chai. Walisifu chai. Waliuliza hali ya mama, na mama, ambaye alikuwa chumbani, nyuma ya pazia la mlango, alisikia kila neno.

"Tumekuja tulimalize hapa hapa," Gharib alisema. "Marafiki wa ng'ambo nao wameiona ile picha. Wameuliza. Nimewaambia kilikuwa kinajaribiwa."

"Mimi ndiye niliyekitoa," Wanza alisema. "Yeye hakujua."

"Twajua, mwanangu. Lakini chatoka katika nyumba ya rais."

Bwana Jeremy alijaribu kuleta mzaha. "Alhamisi nitamtoza faini, tucheke, iishe." Hakuna aliyecheka, naye akanywa chai yake.

Walipoondoka, Mutunga alikwenda dukani akarudi na nailoni mpya na selotepu. Wanza alikaa chini akayasugua magurudumu kwa mswaki wa zamani mpaka matope ya kichochoro yakatoka yote. Mutunga alikikunja kiti, akakifunga, akalibandika upya jina la Charo. Alipoinua macho, pazia lilikuwa wazi kidogo na mama mkwe alikuwa anamtazama. Wote wawili wakaangalia pembeni, kama heshima inavyotaka.

"Wanza," mama alisema kutoka ndani. "Mwambie mumeo selotepu imejikunja upande ule. Itabanduka."

Mutunga alikwenda kuinyoosha.

*

Hafla ilifanyika Kizingo, katika ukumbi wa shule ulioazimwa bure. Ukumbi ulikuwa na feni nzuri, jukwaa, na mwangaza wa kutosha wa picha. Ulikuwa pia ghorofani. Klabu nzima, watu wenye elimu zao, walikaa vikao vitatu kuzungumzia mashati, maua na hotuba za kukabidhi viti kwa watu wasioweza kutembea, na hakuna hata mmoja aliyefikiria ngazi.

Basi waliokuja kupewa viti walipandishwa kwa migongo ya ndugu zao. Wanza, ambaye kama mke wa rais hakuweza kukosa, na ambaye hakuwa na wa kumwachia mama kwa sababu Bi Mejumaa alikuwa msibani, aliwalipa vijana wawili wa geti wampandishe mama. Walimweka kwenye kiti cha plastiki nyuma kabisa, karibu na masufuria ya pilau.

Mgeni rasmi alizungumza. Gharib alifasiri. Viti vilikuwa vimepangwa jukwaani bila nailoni, viking'aa, na watu wakaitwa mmoja mmoja wakaketishwa. Wa mwisho alikuwa Charo, wa Makupa, mvuta mkokoteni aliyegongwa na lori. Jina likaitwa, likarudiwa. Hakuna aliyejitokeza.

Mpiga picha alisogea nyuma, akatazama. Kiti kimoja kitupu katikati ya safu ni kama pengo mdomoni. Mgeni rasmi aliuliza kitu. Gharib akafikiri, na macho yake yakasafiri hadi nyuma ya ukumbi. Nitasema hili kwa ajili yake: uso wake ulifurahi kweli.

Alimwinamia Mutunga sikioni. "Huyu hakuja. Kiti hakiwezi kurudi ng'ambo. Mlete mama."

"Na kanuni?"

"Kanuni tutaitazama Alhamisi. Mlete mama, Rais, kabla mgeni hajauliza tena."

Vijana walimbeba mama, wakampandisha jukwaani na kumketisha. Ukumbi ukapiga makofi. Wanza alisimama kando, kanga mdomoni, akilia bila kificho, kwa kuwa aliona jambo limekwisha, na limekwisha vizuri. Mama yake aliyashika magurudumu kwa viganja, akakisogeza kiti mbele kidogo na nyuma kidogo.

"Rais, mpe mkono!" mpiga picha alisema. "Wote wamepewa mkono."

Mutunga alisimama mbele ya mama mkwe wake. Hakunyoosha mkono. Mama alitazama sakafu na kuifungia mikono yake ndani ya leso.

"Mpe mkono, Rais! Mama, tabasamu!" Watu walicheka, wakidhani ni haya za bibi wa bara. Mutunga aliinamisha kichwa tu, mkufu ukaning'inia, na picha ikapigwa hivyo.

Hapo ndipo mwanamke alipotokea mlangoni, akihema. Alikuwa amevaa hando, ile sketi ya marinda ya Kigiriama, na fulana, na viatu ameshika mkononi.

"Samahanini wakubwa," alisema. "Miye ni Nyevu, mkewe Charo. Mume wangu yuko chini tangu asubuhi. Tuliletwa na mkokoteni wa wenzake, wakamteremsha, wakaenda kazini. Miye simuwezi. Nimewaomba watu wanaopita, wasema wanakuja. Tumesikia jina likiitwa kwa spika, nimepiga kelele, hamkusikia. Nani atakuja kumbeba?"

Vichwa viligeukia mlangoni. Kisha Bwana Jeremy alivua koti, na Gharib naye, wakateremka. Waliporudi walikuwa wamembeba Charo katikati yao, mwanamume mkubwa wa mabega, aliyevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Alitazama viti vyote vinane, vyote vina watu.

Mgeni rasmi alimuuliza Gharib kitu, na Gharib akajibu kwamba hapana, hakuna kingine.

"Wanza," Bi Syombua aliita. "Njoo unishushe. Mwenyewe amefika."

"Mama, ngoja kwanza wazungumze."

"Wazungumze nini? Mtu amesimama kwa shingo za wenzake. Nishushe."

Wanza alikwenda. Aliinama, akapitisha mikono chini ya kwapa za mama yake, akavuta. Mgongo ulikataa. Alibaki amekunjamana pale jukwaani, mkono kiunoni, uso umembadilika rangi. Watu walitazamana. Wale vijana wa geti walikuwa wamekwisha kulipwa na kuondoka.

Mutunga aliuvua mkufu kwa kuupitisha kichwani, akamtilia Gharib katika mkono usiomshikilia Charo.

"Nishikie."

"Nikushikie mpaka lini?" Gharib aliuliza kwa sauti ya chini.

Mutunga alikuwa amekwisha kugeuka. Alikwenda mbele ya kiti, akageuka, akachuchumaa na kumpa mama mkwe mgongo wake, suti ikimbana mabegani. Wakamba wawili watatu waliokuwa ukumbini waliangalia pembeni.

"Wanza," mama alisema. "Mwambie mumeo atoke hapo."

"Mwambie mwenyewe, mama," Wanza alisema. "Mimi nimechoka."

Mutunga alingoja. Goti lilimuuma, na aliona viatu vya mgeni rasmi, na alitamani mambo mengi yasingekuwa kama yalivyokuwa. Kisha akasikia kiti kikilia, na mikono miwili mikavu ikamzunguka shingo. Aliinuka naye. Mama mkwe alikuwa mwepesi hata Mutunga akajisikia vibaya. Nyuma yao Charo aliketishwa, na makofi yakaanza upya, kidogo kidogo.

Ngazi zilikuwa nyembamba. Mutunga aliteremka akitafuta kila kidato kwa ncha ya kiatu. Wanza alikuja nyuma taratibu, akishika ukuta. Katikati ya ngazi mama mkwe alisema, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya ukwe wao, maneno hayakupitia kwa mtu mwingine.

"Kwetu mtu akimgusa mama mkwe wake hivi, hutoa mbuzi wa kusafisha."

"Najua, mama."

"Unaye?"

"Sina."

Waliteremka kidato kimoja, viwili. Pumzi zake zilikuwa moto sikioni kwake.

"Basi watakuwa wengi," alisema. "Maana kliniki ni kila wiki."